Masikio Chini ya Lenso

Nilifundishwa kuvalisha watu foni za masikioni asubuhi moja, ndani ya darasa lililotolewa madawati, mwanangu amelala mgongoni. Mwalimu wangu alikuwa fundi wa sauti, kijana wa Maputo mwenye viatu vyeupe, aliyekuja na masanduku yaliyoshushwa bandarini Mocímboa da Praia na kuletwa kwetu kwa gari likipiga mbizi mchangani. Ilikuwa miaka ile ya gesi. Walikuwa wameigundua chini ya bahari yetu, na kila wiki wageni wakaja na mkutano mpya. Mikutano ilikuwa ya Kireno, mkalimani akirudia kila sentensi kwa Kiswahili, na watu walikuwa wanasinzia kabla jambo lenyewe halijafikiwa. Ndipo mradi ukaleta foni. Kila mtu atundike kijiredio shingoni, achomeke foni masikioni, mkalimani akae kwenye kibanda chake cha kioo, na sote tusikie palepale. Mambo safi, walisema. Mpaka leo mtu akiniambia mambo safi natamani kumtupia kitu.

Waliniajiri kwa sababu nimemaliza darasa la kumi na mbili, nasema Kireno, na ni mwanamke. Hili la mwisho ndilo lilikuwa kubwa. Fundi mwanamume hawezi kuingiza vidole kwenye sikio la mke wa mtu, mumewe amekaa pale, eti anampima.

Maana kazi yenyewe ni ya vidole. Kila foni ina kimpira laini mwishoni, na vimpira vina ukubwa tofauti. Vipo pia vya sponji, ambavyo unavifinya kwanza, kisha vinavimba polepole ndani na kulijaza tundu. Sikio la kushoto linaweza kutaka kimpira kikubwa na la kulia la mtu huyohuyo likataka kidogo, hilo sikulijua. Unalivuta sikio juu na nyuma, njia inanyooka, unaingiza foni huku ukiizungusha kidogo, unaachia. Ikikaa vizuri, dunia inakwenda mbali. Jenereta linakufa. Ukimeza mate unayasikia yanavyoshuka, ukisema neno sauti yako inavuma kichwani kama umeingia mtungini. Isipokaa, besi ndiyo inayotoroka kwanza. Sauti ya mtu inabaki nyembamba, ya bati, inakwaruza, na nusu ya maneno haipo.

"Fumba macho," fundi aliniambia. "Hii, na hii. Ipi nzuri?"

Nikamwambia ya kwanza inavuja upande wa kushoto. Ya pili imekaa, ila mkalimani ameisogelea mno maikrofoni, pumzi zake zinapiga. Akacheka peke yake.

"Dada, wewe uje Maputo."

Nikavimba kichwa. Sijawahi kusifiwa kwa kitu nilichozaliwa nacho.

Kisha akanipa jambo la mwisho. Naliandika kama alivyolisema, maana sina pa kujifichia, nilifundishwa. "Mtu ukishamvalisha, simama nyuma yake umsemeshe kwa sauti ndogo. Akikujibu, ujue haijakaa. Vua, anza upya."

Siku ya mkutano hema kubwa lilifungwa uwanjani, upepo wa kusi unalipigapiga, jenereta linanguruma pembeni. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto. Mama zetu walikuja wamejipamba hasa: kapulana mpya za kujifunga, nyuso nyeupe kwa msiro, ule mti wa urembo, uliosagwa asubuhi ileile, na lenso zimefungwa kichwani zikashuka mpaka chini ya masikio na kubanwa kwa pini. Kwa wanaume fundi alimaliza haraka. Kofia inaishia juu, sikio liko nje. Mimi nilimwendea mama wa kwanza nikamwambia, "Mama, legeza lenso kidogo nikuvalishe."

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo.

"Mbele ya wote hawa?"

Jirani yake, mwanamke mfupi asiyekosa neno, akadakia. "Mwache akufungue, bi harusi. Huenda yule mzungu aliyekaa mwisho pale mbele anatafuta mke."

"Atafute kwao!"

Kicheko kikapita mstari mzima. Yule mfupi akaninyang'anya foni, akaikandamiza juu ya kitambaa chake palipo na sikio, akaikaza kwa pini ya lenso. "Haya, nimekuwa rubani. Tunaruka saa ngapi?"

Wote wakafuata. Kimpira juu ya kitambaa, kitambaa juu ya sikio. Ningeweza kuomba kapulana mbili, wawili wakashika pazia, nikawafungua mmoja mmoja. Wangekubali. Wanawake wa kwetu tumezaa nyuma ya pazia la kapulana, tungeshindwa kuvaa foni? Lakini shefi, mkuu wa wilaya, alikuwa anatazama saa, mwanangu ameamka anapiga kelele za njaa, maziwa yameshalowesha blauzi yangu watu wanaona, nami nikiona aibu huwa nakasirika. Nikapita nyuma ya mstari nikiuliza kwa ukali kama askari.

"Mnasikia?"

"Tunasikia."

Wa mwisho alikuwa mama yangu. Nikainama nyuma yake, kwa sauti ndogo, kama nilivyofundishwa.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia, mwanangu," akajibu hapohapo bila hata kugeuka. "Nenda kamnyonyeshe mtoto, atakauka koo."

Nilimnong'oneza, hema linapigwa na upepo, na akanijibu. Nikaenda kunyonyesha.

Jambo lililokuwa linaamuliwa ni hili. Mahali petu panachukuliwa kwa ajili ya gesi, tunahamishwa, na kila mwenye nyumba achague upande. Upande wa pwani, kwenye ghuba ndogo, unapata shamba dogo. Upande wa bara unapata shamba kubwa, lakini bahari uisahau. Nyumba za saruji ni zilezile. Mama yangu ni mjane, mwenye nyumba ni yeye. Na ni mtu wa mwambani. Maji yakipwa anachukua ndoo na chuma chake, anakwenda kuchokoa pweza na kuokota chaza, na ndiyo kazi iliyotusomesha. Wiki nzima alikuwa anasema pwani, hata wampe kibanda cha makuti.

Nilikaa nyuma ya hema juu ya sanduku tupu, mtoto chini ya kapulana, foni moja sikioni mwangu. Ya sponji. Sauti ilikuwa nzuri mno. Nilimsikia mkalimani mpaka akifunua karatasi. "Wanaotaka bara wainue mikono." Kwa wanaume ikapanda michache. Kwa wanawake mmoja akainua, wa pili akamtazama akainua, mstari wote ukapanda kama shamba la mtama. Na mkono wa mama yangu ukawemo. Wasaidizi wakapita wakichukua majina ya wenye nyumba, na shefi akawashukuru akina mama kwa kuelewa upesi.

Mnajua nilifanya nini? Nilimkasirikia mama. Amegeuka lini? Nani kamjaza maneno? Sikumngoja, nikarudi nyumbani kwa njia nyingine, na jioni nzima nikamjibu kwa neno mojamoja.

Asubuhi akatoka na ndoo yake, anaimba chini kwa chini.

"Leo nimelala," akasema. "Alhamdulillah, limekwisha. Ghuba ile ina mwamba mzuri, nilikwenda na bibi yako nikiwa msichana."

"Ghuba gani? Si umechagua bara?"

"Bara nikachokoe nini, mihogo?"

"Mama, uliinua mkono wa bara. Nimekuona."

Akaiweka ndoo chini. "Wenzangu waliinua. Nikajua ndiyo zamu yetu."

"Na kwenye foni ulisikia nini?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, anipe jibu zuri. "Nzzz. Kama nyuki wako ndani ya kibuyu. Na jenereta."

"Sasa mbona uliniambia unasikia?"

"We mtoto, kijana wa watu ametoka Maputo na masanduku yake, nimwambie chake kibovu mkutanoni? Na wewe ndiye uliyekuwa ukituvalisha. Ndiyo kwanza umepata kazi. Nikutie aibu mbele ya akina nani wale?"

Hasira niliyokuwa nayo jana yake haikuwa kitu. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikamwambia mama avae tunakwenda kwa shefi. Njiani nilikuwa naongea peke yangu kwa Kireno, najipanga. Nitawaambia wanawake hawakusikia, mkutano urudiwe, mikono ile haina maana. Mama alikuwa nyuma yangu.

Shefi alikuwa mtu wa kusini aliyehamishiwa kwetu. Kiswahili alijua salamu tu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Fundi naye alikuwa mlemle ofisini, amechuchumaa anafuta msiro kwenye vimpira kwa pamba, kimoja kimoja. Nikasema niliyojipangia. Shefi akanisikiliza mpaka mwisho, si mtu mbaya, kisha akamgeukia fundi.

"Vyombo vilikuwa vizima?"

"Vizima, shefi. Wanaume walisikia, na mitambo ni ileile." Akanitazama, bado ameshika pamba. "Ulisimama nyuma ya mama ukamsemesha?"

"Ndiyo."

"Alikujibu?"

Swali lake halikuwa la mtego. Alikuwa anataka kujua. Kama ningesema alinijibu, angetikisa kichwa, angesema basi haikukaa, na shefi angeelewa, kwa sababu jambo lenyewe ni rahisi hata mtoto angeelewa. Lakini huyu ndiye aliyeniambia nije Maputo. Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano Mbau, na alikuwa ameshasema nitakwenda naye.

"Hakujibu," nikasema.

Kwa Kireno. Mama alikuwa amesimama kando yangu na hakuelewa hata neno.

"Basi alikuwa anasikia," fundi akasema, akarudi kwenye vimpira vyake.

Shefi akanyoosha mikono. "Muulize mwenyewe. Mwambie kama hakusikia, maana yake binti yake hakuifanya kazi aliyopewa, nami nitaandika hivyo. Muulize alisikia au hakusikia."

Nikamtafsiria. Neno kwa neno nilimtafsiria, hilo nililifanya vizuri. Mama akanitazama usoni, akamtazama mtoto mgongoni kwangu, akaishika ncha ya lenso yake.

"Mwambie nilisikia."

"Mama."

"Mwambie nilisikia, na tunashukuru."

Nikamwambia.

Mbau nilikwenda. Huko niliomba kapulana za pazia, nikawafungua wanawake mmoja mmoja, nikawanong'oneza nyuma, aliyejibu nikamvua nikaanza upya, shefi wa kule akaitazama saa yake mpaka akachoka. Mstari mzima walisikia vizuri. Msinipongeze. Wale si mama yangu.

Sasa tunakaa bara. Nyumba ya saruji ni nzuri, mvua haiingii, mihogo inakubali. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, mama anatoka kabla ya adhana, na mara nyingi anafika maji yameshageuka. Anasimama, anatazama, anarudi. Angalau angenitukana. Ukitukanwa unajua deni lako limefika wapi.

Siku moja nikafuatana naye, mtoto ameshaanza kutembea, akatuchelewesha. Tulipofika wanawake wa ghuba walikuwa wanapanda kutoka mwambani, na yule mfupi asiyekosa neno alikuwa kati yao. Mwanawe alichagua pwani upande wa wanaume, akamchukua akae naye. Ndoo yake ilikuwa imejaa.

"Watu wa bara!" akaita. "Mmekuja kututembelea au kutuhesabu?" Akachomoa pweza, akamnyooshea mama.

"Kaa naye, dada yangu," mama akasema. "Sisi tumekuja kunyoosha miguu tu."

Walipopita nikashindwa. Nikamwambia pale kwenye mchanga kwamba fundi aliniuliza kama alinijibu nilipomnong'oneza, na mimi nikasema hakujibu. Nikamweleza maana yake. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika, na sikumtazama.

Akahamishia ndoo mkono wa pili.

"Kumbe ndivyo," akasema. "Mimi siku ile nilikuwa nakungoja wewe. Ungenikonyeza tu, ningesema sikusikia. Lugha yao ulikuwa unaijua wewe, nikaona unajua tunatakiwa tuseme nini."

Maji yalikuwa yameufunika mwamba wote. Mtoto aliyakimbilia akicheka, mama akapandisha kapulana yake magotini, akaingia kumfuata.