Nilivyokistaafisha Kiti cha Mama Wanja

Wenzangu, haya ni ya aibu na sina wa kulaumu ila mimi mwenyewe, kwa hivyo chekeni tu.

Hii ilikuwa kabla ya korona, nikifanya kazi kwa kampuni fulani ya huku ughaibuni, Fort Worth, inayokodisha vifaa vya wagonjwa, mimi ndiye mtu wa kompyuta. Kila kifaa, kiti cha magurudumu au kitanda, kina hatua zake kwenye mfumo: kipya, kinatumika, kinatengenezwa, kimestaafu. Bosi akataka niongeze hatua ya kusafishwa, na akasisitiza nijaribu kwanza kwenye nakala ya pembeni, si kwenye mfumo wenyewe. Lakini hiyo Jumamosi Wanja, nesi rafiki yetu, alikuwa ametualika kwake, mji jirani wa Haltom City, tumwombee mamake aliyetoka kufanyiwa opareshoni ya nyonga, na mimi sikutaka kuchelewa (shughuli zetu za saa saba huanza saa kumi, sasa haraka ya nini?). Nikasema aah, ni kahatua kamoja tu, nikafuta ile ya "kinatumika" ili niipange upya pamoja na hiyo mpya nikirudi, nika-save, huyoo nikaenda.

Tuko katikati ya maombi, mlango ukabishwa. Kumbe ni Dieudonné, dereva wa kampuni yetu, Mrundi mpole sana, ameshika tablet.

"Shikamoo mama. Samahani, hicho kiti kimestaafu. Nimeagizwa nikichukue leo kikavunjwe."

Na Mama Wanja amekikalia! Akashika magurudumu kwa mikono miwili. "Sasa nitaenda choo na nini?" akauliza.

Mimi nikaruka juu (mdomo wangu huu!). "Huu ni upuzi gani? Ni mjinga gani amefanya hivi? Jumatatu atanitambua!" Watu wakapiga makofi. Dieudonné akaniangalia kwa huruma, akasema polepole, "Kaka, njoo tuongee nje." Nikakataa katakata, nikamwambia aseme hapo hapo mbele ya watu. Wanja akamnyang'anya tablet akasoma kwa sauti: imebadilishwa leo, saa sita mchana, na... akataja jina langu, majina yote matatu, hadi la ubatizo.

Mungu wangu! Kumbe kifaa kikikosa hatua, mfumo unakisukuma hadi ile ya mwisho na kumtumia dereva agizo papo hapo, maanake si Mama peke yake, ni kila mgonjwa wetu aliyekuwa na kiti au kitanda! Nikampigia bosi nimepiga magoti sakafuni, jasho linatiririka, watu wote wakisikia Kiingereza changu kikivunjika. Madereva wakarudishwa kutoka njiani na vitu vikaachwa kwa wenyewe.

Nikamwomba Mama msamaha. Hakunitukana, na heri angenitukana. Alimwambia Wanja alete leso yake ya kujifunga, wakafunga gurudumu kwa mguu wa meza, mafundo mawili, akasema itafunguliwa nikishaondoka.

Nikaondoka. Tangu siku hiyo sibonyezi kitu kabla sijajiuliza ni nani amekikalia.