Siku Niliyomwangusha Mkwe Wangu Kwenye Theluji

Mkwe wangu ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amlaze pema, na wale majirani Wazungu hawatakuja hapa Kindu kunisuta, kwa hiyo leo naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi: ni mimi niliyemwangusha baba wa mume wangu chali barabarani, mbele ya mtaa mzima, kisha nikamgeuzia mgongo. (Cheka tu, Mama Sifa, nimekuona.)

Ilikuwa zamani zile za Zaire, tulipokuwa sote masitwayeni, yaani wananchi kwa amri ya Rais, na mume wangu Salumu alikuwa ametumwa na serikali kwenda Ubelgiji kusomea uhandisi. Mwaka wa pili akatuita, mimi na binti yetu Zaina, na Amisi akazaliwa kulekule. Tulikaa Liège, kwenye nyumba nyembamba ya matofali katika barabara ya mteremko, ngazi nne za mawe mbele ya mlango na kijia cha kupitia watu chini yake. Watu hapa walikuwa wakinionea wivu, eti Fulani yuko Ulaya, na mimi kule usiku na mchana nawaza Kindu, nawaza mama yangu akitwanga sombe, majani ya mihogo, huku akinung'unika peke yake, nawaza mto Lualaba ukijaa, nawaza hata matope ya mtaa wetu wa Kasuku ambayo nilipokuwa hapa nilikuwa nayatukana. Hamu ilinikaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Nikimwambia Salumu nataka kurudi ananijibu masomo bado miaka miwili, na mke haondoki kwa mumewe bila neno la baba. Neno la baba lenyewe liko Kindu, na barua inatumia miezi mitatu kufika ikiwa ina bahati!

Basi majira ya baridi ya mwaka wetu wa tatu ikaja habari kwamba mzee anakuja mwenyewe kutibiwa jicho, lilikuwa limeingia ukungu, na atakaa kwetu wiki nne. Niliruka. Nikajiambia hii ndiyo nafasi yangu, nitampokea mkwe wangu vizuri mpaka ashangae, nitapika, nitapiga magoti, nitanyamaza inapotakiwa kunyamaza, na siku akiwa ameshiba na roho imetulia nitamwomba anirudishe kwetu. Tena alikuwa anakuja na bidoni, dumu zima, la mawese ambayo mama yangu ameyakamua kwa mikono yake. Sikulala siku tatu.

Na theluji nayo, neji tulivyoiita, ikachagua siku hizohizo. Ilianguka siku mbili bila kupumzika, nyingi hivi kwamba hata wenyeji walikuwa wanatoka madirishani kuitazama, ikafunika ngazi, ikafunika kijia, magari yakawa vichuguu. Sisi tulijifungia jikoni wote wanne, maana makaa yalitosha kupasha chumba kimoja tu, tukawa tunapika humo, tunaoga humo, Zaina anaandika masomo yake chini ya meza. Asubuhi ya mzee kufika Salumu akavaa viatu juu ya soksi tatu aende kumpokea stesheni.

"Mama Zaina," akaniambia, "leo usitoke inje. Ile neji uiache vile iko, nitaitosha mie mwenyewe nikirudia."

"Na Baba akifika atapitia wapi? Mu pori hii nyeupe?"

"Atapita nyuma yangu. Weye kaa na watoto."

Akaenda. Nikakaa. Nilikaa kama muda wa kuchemsha chai, halafu nikachungulia dirishani, na hapo ndipo shetani akanipata. Ninyi mnajua mambo yetu: mwanamke wa Kindu hata kama hana chumvi ndani, alfajiri lupango yake, uwanja wa nyumba, imefagiwa, imenyunyiziwa maji vumbi litulie, na alama za fagio zinaonekana. Mgeni akikuta uwanja haujafagiwa hasemi kitu, anameza, anarudi kwao na habari. Nikamwona mawazoni mkwe wangu amefika Kindu anamwambia mama yangu, "Mutoto wako mu Ulaya anakaa sawa vile mu pori." Nikasema haiwezekani. Nikamfunga Amisi mgongoni, nikavaa koti kuukuu la Salumu juu ya kikwembe, kitenge changu cha nyumbani, nikachukua fagio nikatoka.

Nilifagia, jamani! Nilifagia ngazi, nikafagia kijia chetu, nikaona haya kuishia mpakani, nikafagia na kwa jirani, bibi kizee mmoja aitwaye Madamu Odette ambaye alinipungia mkono dirishani kwa furaha. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile. Mawe yakaonekana, lakini yalibaki na utando mweupe mwembamba ambao fagio halikuuweza, na mimi uwanja wenye utando siujui. Nikafanya ambalo mama yangu angefanya, na bibi yangu kabla yake: nikaenda kuchota maji ya moto jikoni, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikayamwaga kuanzia ngazi ya juu, yakateremka vizuri, yakasafisha mawe yote, yakapita kwangu, yakapita kwa Madamu Odette, yakaendelea na mteremko wake. Mawe yaling'aa. Nikarudi ndani najisifu, nikavaa kikwembe kipya, nikamfunga Amisi tena mgongoni, nikampaka Zaina mafuta usoni.

Nusu saa baadaye nikasikia sauti ya Salumu. Taksi ilikuwa imeshindwa kupanda mlima, wamekuja kwa miguu, mume wangu na mizigo, mzee ndani ya abakosti yake ya kijani, ile suti isiyo na tai ya siku za Zaire, aliyoshonewa kwa safari, koti la kuazima juu yake, kofia nyeupe kichwani, na bidoni la mawese amelikumbatia mwenyewe chini ya koti (alikataa kumpa mtu, tangu Kindu alikuwa hajampa mtu). Nikafungua mlango, nikapiga goti juu ya ngazi ya kwanza, macho chini, kama nilivyofundishwa.

"Asalam aleikum, Baba. Karibu."

Hakuitikia, kwa sababu tayari alikuwa hewani. Aliweka mguu mmoja kwenye mawe yangu yaliyong'aa, mguu ukaenda zake, wa pili ukaufuata, akaanguka chali puu, bidoni likabinuka chini ya koti, kifuniko kikang'oka, na Salumu alipotaka kumdaka akapita pembeni yake kwa matako mpaka mlangoni kwa Madamu Odette. Koti la mzee lilipanda, suruali ikapanda, kofia ikabingirika. Sasa niambieni, ninyi mlioolewa: mkwe wako yuko chini, kichwa wazi, miguu wazi, unafanya nini? Kumshika siwezi, mkono wangu haujawahi kugusa hata kanzu yake. Kumtazama siwezi. Nikafanya adabu niliyoijua, nikajifunika uso kwa ncha ya kikwembe na kumgeuzia mgongo.

Upande wa Wazungu ilionekana hivi: mzee Mwafrika amelala chini hajitingishi, kitu chekundu kinatapakaa kwenye theluji kutoka chini ya koti lake, kinazidi kutapakaa, na mwanamke wa nyumba amempa mgongo. Madamu Odette alipiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka sikio linauma. Akatoka kuja kusaidia, akakanyaga maji yangu yaliyoganda, naye chini. Muuza mikate wa ng'ambo akaja mbio, naye chini! Madirisha yakafunguka mpaka juu. Mtu akapiga simu.

Katikati ya hayo yote nikasikia sauti ya mzee, imetulia kabisa: "Salumu, mwanangu, inchi yao iko na utelezi. Munipatie kwanza kofia yangu." Kisha akapapasa tumboni, na sauti ikabadilika. "Mafuta? Mafuta ya mama yake iko wapi?"

Hapo nikageuka. Adabu yote ikaniruka. Mawese ya mama yangu yalikuwa yanakwenda na mteremko, mekundu juu ya weupe ule, na baridi ilikuwa inayagandisha huku nayaangalia. Nilikimbilia ndani nikatoka na sufuria na kijiko, nikapiga magoti barabarani na mtoto mgongoni, nikaanza kuchota theluji nyekundu nikiitia sufuriani, nalia kwa sauti. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Basi mimi nilizoa mafuta. Zaina akaja na bakuli akichota upande wake. Na gari la wagonjwa likafika na polisi wawili nyuma yake, wakanikuta mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

Polisi mmoja akaniuliza ninafanya nini, na Kifaransa changu cha siku za kawaida ni kidogo, siku ile kilikuwa kimekimbia chote, nikamjibu, "Ni ya mama yangu." Akashika ukuta. Salumu akaja anachechemea, anapiga kelele, "Mafuta! Ni mafuta ya chakula!" na alipoona hawamwamini, mume wangu, mhandisi wa kesho, akachovya vidole viwili katika ile nyekundu iliyokuwa pembeni ya baba yake akavilamba mbele ya watu wote. Madamu Odette, ambaye walikuwa ndiyo kwanza wamemwinua, akakaa chini tena. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya kule ilikuwa imeganda.

Ilichukua muda kueleweka. Yule muuza mikate ndiye aliyeonja wa pili, akatikisa kichwa akasema si mabaya, na polisi akacheka akamalizia kwa kunifundisha kumwaga chumvi kwenye mawe, si maji. Mzee alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, basi. Walimbeba mpaka jikoni kwetu wakamkalisha karibu na moto, na theluji ikaanza kuanguka upya, ikatufungia ndani siku nne. Tuliyeyusha ile ya sufuriani polepole, maji yakakaa chini, mawese yakapanda juu, nikayaengua yakajaa chupa moja na nusu. Mchana uleule nikapika sombe kavu aliyoleta na samaki wa Lualaba, na harufu ikajaa chumba kizima. Watu watano jikoni, dirisha jeupe, mzee ameinua mguu juu ya kigoda, Amisi amelala mapajani mwa baba yake. Nikashindwa kula. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye sahani.

"Mama Zaina," mzee akasema, "unalia nini? Mie njo nilianguka, haikuwa weye."

Maneno niliyoyapanga mwezi mzima hayakuja, likaja moja tu. "Baba, niko na hamu ya kwetu."

Alitafuna, akameza, akafuta mkono. "Salumu," akasema, "huyu mutoto wa watu atarudia na mie, yeye na watoto. Mutu mwenye kuokota mafuta mu baridi ya vile, roho yake haiko tena hapa. Weye utabakia, umalize masomo. Miaka mbili si mingi."

"Ndiyo, Baba," Salumu akajibu.

Hilo tu. Na mimi furaha ilinijaa mpaka nikala sahani mbili, nikaosha vyombo naimba, na sikumtazama mume wangu usoni hata mara moja.

Tulirudi na mzee wiki nne baadaye, jicho lake limepona. Nilishuka Kindu nikibusu kila kitu. Mama yangu nilimkuta, nilitwanga naye sombe miaka sita kabla hajafa, hilo namshukuru Mungu. Lakini miaka miwili ya Salumu ikawa mitatu, kisha kazi ya huko ikapatikana, kisha huku mambo yakaharibika, mishahara hakuna, akaandika atarudi nchi ikitulia. Nchi haijatulia. Mzee alipokufa, Salumu alituma barua tu, hakuja. Amisi ana ndevu sasa na baba yake anamjua kwa picha.

Kwa hiyo mvua ya hapa inapopiga mabati na ninyi mnakimbilia kuanua nguo, mimi najikuta kwenye jiko lile la makaa, watu watano chumba kimoja, na laiti ningeambiwa nirudi siku moja tu ya maisha yangu ningeichagua ileile ya aibu, ili nimtazame Salumu aliposema "Ndiyo, Baba," nione alikuwa na uso gani. Nimeapa, na ninyi mabinti mliokaa hapo mnisikie: sitalia tena mbele ya mkwe. Ukilia anakuonea huruma, anakupa ulichoomba.