Mamba wa Ulysse na Bima ya Maji

Ulysse Trosclair alikuwa fundi wa injini za mashua huko Bayou Cormier, kijiji cha kando ya bayou, yaani mto wa kinamasi, kusini kabisa mwa Louisiana, na mikono yake haikuwa na kasoro. Kasoro zote zilikuwa mdomoni. Si kwamba alikuwa mwongo, tusimwonee. Alipenda tu kuona watu wamesahau kikombe cha kahawa mkononi kwa kumsikiliza. Manyunyu kwake yalikuwa gharika, na kambare wa kawaida alikuwa na ukubwa wa ng'ombe.

Bima ya nyumba aliuziwa na Lorena, binamu ya mkewe, ambaye kila mwaka alimwimbia wimbo uleule.

"Shemeji, hii inalipa upepo. Maji yakipanda kutoka bayou, hayo yana bima yake mbali. Chukua zote mbili ulale usingizi."

"Nyumba yangu iko juu ya nguzo, shemeji. Maji yakitaka kuingia, yaje na ngazi."

Akachukua ya upepo peke yake, na kwa kweli hakukosea. Kimbunga kilipokuja, yeye na mkewe Earline walikuwa wamekimbilia kwa binti yao, mjini Lafayette. Maji yalipanda yakaishia kipandio cha tatu cha ngazi. Upepo ndio uliong'oa paa zima, mvua ikajimwagia vyumbani itakavyo.

Lakini paa lililong'oka halina utamu wa kusimulia, maana kila jirani alikuwa na lake. Basi dukani kwa Gaston, penye kahawa na umbea, Ulysse akasema maji yalifika madirishani, na kwamba aliporudi alimkuta mamba kajilaza kwenye beseni la kuogea. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Wiki ilipoisha, mamba alikuwa amevaa kofia ya kuogea ya Earline.

Mkaguzi wa bima, msichana wa jimbo la mbali la Iowa aitwaye Maren, alipita kwanza dukani kuuliza njia. "Unamtafuta yule mwenye mamba?" Gaston akamwuliza. "Nenda moja kwa moja, utaona turubai la buluu mahali pa paa."

Earline alimkaribisha mezani chini ya turubai hilo, akampakulia gumbo, mchuzi mzito wa kamba na bamia.

"Nasikia mlikuwa na mgeni bafuni," alisema Maren, akipuliza kijiko.

Msikilizaji mpya! Ulysse akasahau paa. Akasimulia maji, madirisha, beseni, kofia. Earline alimkanyaga mguu chini ya meza. Yeye akauvuta mguu, akaendelea. Mdomo uliponza kichwa.

Maren akaweka kijiko chini. "Mzee Trosclair, bima yako ni ya upepo. Kama maji yalifika madirishani, hasara hii ni ya mafuriko. Siwezi kukulipa paa."

Turubai lilichapa juu ya vichwa vyao. Ulysse aliona yajayo: bila paa, wangehamia Lafayette kwa binti yao, mahali ambapo hakuna mwenye mashua wala mwenye nafasi ya kumsikiliza mzee. Aliogopa, na uso wake ulionyesha.

"Hakukuwa na mamba," alisema.

"Samahani?"

"Hakukuwa na mamba, binti yangu. Maji yaliishia kipandio cha tatu. Tope bado liko pale, twende ukaone."

Maren akaliona. Lakini kazi yake ilimtaka aulize na majirani, kwa hiyo wakarudi dukani. Gaston, rafiki wa kufa na kuzikana, akainua mkono wa kulia.

"Nilimwona kwa macho yangu haya. Mamba mkubwa, na kofia juu."

"Gaston, nyamaza. Nilitunga."

"Tunajua ulitunga, Ulysse. Si tunakusaidia?"

Maren akainama kuitafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake, akakaa huko chini kitambo, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Paa lililipwa, likaezekwa, likang'aa. Ila Ulysse alinywea. Dukani akiulizwa habari za mvua, alijibu, "Imenyesha kidogo," na watu wakatazamana. Nyumbani alikula kimya, akashukuru, akaenda kulala. Earline, aliyeulalamikia mdomo ule maisha yake yote ya ndoa, aliona nyumba imekuwa kubwa mno. Aliukosa ule mdomo, basi.

Jumapili moja baada ya kanisa, Ulysse akamkuta Lorena jikoni, mkoba wake umeshafungwa.

"Kuna nini tena?"

"Bima ya mafuriko," alisema Earline. "Nimeichukua."

"Nyumba iko juu ya nguzo, mke wangu. Maji yatapandaje?"

"Wewe utayapandisha." Earline akammiminia kahawa, akavuta kiti, akaketi akimtazama. "Sasa yafike hata darini, hakuna wa kutunyang'anya paa. Haya, niambie. Ile kofia yangu ilikuwa rangi gani?"

Ulysse akakisukuma kikombe kando, akajisogeza mezani.

"Ya waridi," alisema. "Lakini kofia haikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba alikuwa anaimba."