Rimoti ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kamati ya tabianchi ana sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale, na rimoti ya kiyoyozi haimtoki mkononi. Wajumbe wake wanatunga sera ya mji kuhusu joto, na kila mmoja ana lake. Mfanyabiashara anasema kila mtu ajinunulie feni, soko litamaliza mengine. Mkuu wa mipango anataka amri kutoka juu na faini kwa mkaidi. Mama wa chama cha wapangaji anataka hata kiyoyozi hicho kizimwe, maana huko nje watu wanaiva. Mjumbe mzee hujipepea kwa rasimu na kusema joto ni la Mungu. Mwenyekiti huwasikiliza wote kama wakwe zake, kisha huielekeza rimoti juu na kubonyeza. "Hapo je, dada yangu?" "Hapo afadhali." Sera nayo huiandika vivyo hivyo: hatua zitachukuliwa inavyofaa. Kila mmoja husoma humo alichokitaka.

Jana wagonjwa walizimia kwa joto kwenye foleni ya zahanati, kwa hiyo leo kamati iligombana kweli. Mfanyabiashara aligonga meza, rimoti ikaanguka, kifuniko kikafunguka. Ndani hamkuwa na betri. Mwenyekiti alizihamishia zamani kwenye saa ya ukutani, ili vikao viishe kwa wakati. Aliiokota rimoti bila haraka, akaifuta kwa tai, akarudisha kifuniko.

"Haya, ndugu zangu, tusivunjiane heshima. Mnataka baridi kiasi gani?"

Walitazamana.

"Ongeza kidogo tu, mwanangu," mzee akasema.

Mwenyekiti akabonyeza. Mfanyabiashara akafunga vifungo vya koti.