Ukuta Uliopigwa Teke

Walimwita Timazi, yaani kile kizito cha kamba ambacho waashi wanakining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Jina hakupewa kwa hisani. Jamaa alikuwa anafumba jicho moja, anasema, "Huo umelala kushoto," ukipima unakuta kweli umelala. Na mdomo wake ulikuwa haupindi kona, unakufikia moja kwa moja.

Asubuhi moja akafika saiti, akautazama ukuta wa mwashi mwenzake, Kifupi, akalipuka hapohapo.

"We Kifupi, huu ni ukuta au mlevi anatafuta kwao?"

"Umepimwa huo, kaka."

"Umepimwa na nani, mama mkwe wako?"

Akaupiga teke. Saruji ilikuwa bado mbichi, tofali zikaporomoka. Kifupi akachukua pima maji, akaisimamisha ubavuni mwa kipande kilichobaki. Kiputo cha hewa ndani yake kikakaa katikati, kimetulia tuli.

Timazi akainama ahakikishe. Kumbe ukuta haukuwa na neno, dunia ndiyo ilikuwa inazunguka! Sikio la kushoto likapiga mluzi, likajaa kama limeshindiliwa pamba, naye akatapika ndani ya karai la saruji.

"Asubuhi yote hii umeshalewa!" foromeni akafoka. "Nenda hospitali au nenda kwenu. Huko juu kwenye jukwaa langu sitaki maiti."

Wakati chupa hajaigusa tangu aoe.

Daktari wa masikio alikuwa mama mmoja asiye na haraka. "Ndani ya sikio kuna maji, baba. Ndiyo yanakwambia juu ni wapi na chini ni wapi. Yako yamezidi, yanasukumana."

"Kama pima maji iliyoharibika."

"Hapo umenielewa."

"Basi nitolee, niwekee nyingine."

Daktari akacheka. "Haiuzwi. Na huu ugonjwa hauponi ukaisha, unaishi nao. Punguza chumvi, lala vya kutosha, kunywa dawa kama nilivyokuandikia. Sikio likianza kujaa na kulia, hiyo ni honi. Lala chini, kazia macho kitu kisichotembea mpaka kizunguzungu kipite. Na uje nilipime, maana usikivu unaweza kupungua."

"Na jukwaa?"

"Jukwaa sahau."

Hapo ndipo alipochukia. Yeye, Timazi, akae chini kama mzigo uliokosa mwenyewe? Dawa akanywa. Nyumbani mke wake akaificha chumvi hata yeye mwenyewe akasahau alikoiweka.

"Mke wangu, hii mboga imepikwa au imeoshwa tu?"

"Kula. Juzi nimekukokota kutoka chooni kama godoro."

Akala. Lakini habari ya jukwaa akaimeza, hakumwambia mtu. Akarudi kazini na kifua mbele, akamwambia foromeni ilikuwa tumbo, akapanda.

Siku za mwanzo mambo shwari. Halafu mchana mmoja, mwiko mkononi, yuko juu usawa wa madirisha ya ghorofa ya pili, sikio likajaa. Mluzi ukaanza. Chini foromeni anatazama, vibarua wote wanatazama. Akajidanganya: namaliza hili tofali. Tofali likawa mawili.

"Kifupi," akasema polepole.

"Nini tena? Umelala kushoto?"

"Nishushe."

Kifupi akamwangalia usoni, utani wote ukamkauka. Akamfunga kamba kiunoni, akatangulia chini yake, anamwekea miguu kwenye ngazi mmoja mmoja kama anamvisha mtoto viatu, na Timazi anamtukana njia nzima kwamba anamfinya.

Akalala juu ya mifuko ya saruji, macho kayakazia kizito cha kamba kilichoning'inia ukutani. Kilipoacha kutembea, foromeni alikuwa amemsimamia kichwani.

"Tumbo tena?"

"Sikio. Hata siku ile lilikuwa sikio. Sipandi tena, bosi. Nipe sakafu. Huko nikianguka nitakuwa nimeshafika."

Foromeni alijitahidi asicheke, akashindwa.

Siku hizi Timazi anapanga vigae, magoti chini, na mtu akitaka kumsemesha inabidi azunguke upande wa kulia. Sikio la kushoto limebaki na mluzi wake. Matusi hayajapungua hata moja. Ila akiona ukuta umelala, kwanza anaita aletewe pima maji, anakichungulia kile kiputo mpaka aridhike.

Halafu ndiyo anatukana.