Mfuniko wa Rejeta na Mama Mkwe

Gari letu ni pikapu kuukuu yenye kiti kimoja kirefu mbele, na kwa miaka mingi nimeitumia kwa safari zinazoniridhisha: sokoni, mashine ya kusaga, kanisani, na mara mojamoja Mwadui kumsalimia shangazi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nikishavuka Tinde naanza kuulizia hali ya watoto kama mtu aliyekaa ughaibuni mwaka mzima. Simbishii. Kahama penyewe nimewahi kufika mara tatu, na mara zote nilirudi na mafua.

Basi pikapu ikaanza kuchemsha. Mwanzoni ilichemsha kilimani, baadaye hata kwenye tambarare, na Shinyanga tambarare ndiyo tuliyo nayo kwa wingi. Nikaipeleka kwa mafundi. Wa kwanza akang'oa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, akaniambia nchi ya joto kama hii haikihitaji. Wa pili akaikaza feni kwa boliti ili izunguke muda wote, na kuanzia siku hiyo gari ikawa inavuma kama mashine ya kukoboa mpunga. Wa tatu akaosha rejeta, likatoka tope jekundu la maji ya kisima chetu ambayo nilikuwa nayajaza bila aibu. Wa nne alizunguka gari mara moja, akaniuliza kama nimewahi kufikiria kufuga kuku.

Nikaamua kuchunguza mwenyewe. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na fizikia nilipata D, lakini ilikuwa D ya kujitahidi. Kila asubuhi nilichomoa kijiti cha oili na kukitazama: oili ilikuwa nyeusi safi, haijageuka rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayaingii kwenye oili. Niliwasha injini ikiwa ya baridi, mdomo wa rejeta ukiwa wazi, nikatafuta mapovu. Hayakuwepo, kwa hiyo gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia gesi ya injini isiingie kwenye maji, ni nzima. Nililala chini ya gari mpaka majirani wakazoea kunisalimia kupitia miguu. Hapakuwa na tone. Hata hivyo kila baada ya safari maji yalikuwa yamepungua, na sikujua yanakwenda wapi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo la kijinga kuliko yote. Mke wangu alikuwa na tabia ya kukaa akiukodolea macho mshale wa joto kwenye dashibodi, na kila ukipanda alinitajia umefika wapi, kama mtangazaji wa mpira. Siku moja, kwa ajili ya amani ya nyumba, nikauchomoa waya wake kule kwenye injini. Mshale ukalala chini kabisa, haukuinuka tena. Mke wangu akafurahi, akanisifu mbele ya dada zake kwamba mwanamume ameitengeneza gari kwa mikono yake. Nilinyamaza. Sifa nyumbani kwangu hazinyeshi kila msimu.

Sasa, mama mkwe alikuwa kwetu mwezi mzima kwa matibabu ya macho. Kwake ni Buseresere, na binti yake wa mwisho alikuwa anaposwa huko Jumamosi, saa nane mchana. Upande wa kijana walikuwa wameshaahirishiwa mara mbili, mara zote kwa sababu ya macho ya mama. Kwa desturi ya ukoo wao mama mzazi ndiye anayewapokea wageni mlangoni. Asipokuwepo, wageni hawaingii, wanageuza. Na wakigeuzwa mara ya tatu wangeelewa kwamba binti hatolewi, wangekwenda kwingine. Binti mwenyewe alikuwa akipiga simu kila jioni kumuuliza mama kama anaona vizuri, na sote tulijua anauliza nini.

Kumrudisha kwa basi kulikuwa hakuzungumziki. Wakati wa kuja, basi lilimtapisha mama tangu Geita, akashushwa Kahama akiwa ameshikwa kwapa huku na huku. Mke wangu akasema tutampeleka kwa pikapu, si imepona? Nikasema imepona.

Tulitoka alfajiri ya Jumamosi. Na hapa lazima nieleze jambo moja: kwa miaka kumi na minne ya ndoa yangu, mimi na mama mkwe hatukuwahi kuzungumza ana kwa ana. Si ugomvi, ni heshima. Mkwe wa kiume hamkazii macho mama mkwe, hali naye sahani moja, wala hamwambii neno moja kwa moja. Kwa hiyo mke wangu alikaa katikati kama mpaka wa nchi, na maneno yakapita kwake kulipiwa ushuru. Mama akiona baridi alimwambia binti yake amwambie mwenzake afunge kioo, na mimi, niliyekuwa umbali wa viwiko viwili, nilisubiri kwa adabu ujumbe ufike ndipo nifunge.

Kahama tulipita vizuri. Tulipoiacha Kakola nyuma, vumbi la malori ya mchanga wa dhahabu likiwa mbele yetu, nikasikia harufu ya utamu-utamu wa chuma cha moto. Mshale ulikuwa umelala usingizi wa mtoto mchanga. Nikajifanya sijasikia kitu. Halafu boneti ikaanza kutoa mvuke, na mke wangu akatazama mvuke, akatazama mshale, akanitazama mimi.

Nikasimamisha gari na kuzima injini. Ilikuwa saa nne kasorobo. Nikafungua boneti, nikachukua kitambaa, nikakilowesha maji, nikakiweka juu ya mfuniko wa rejeta. Haraka ilikuwa imenitoa akili. Mawazo yangu yote yalikuwa kwa wageni wa saa nane.

“Mkwe, acha.”

Sikuitambua sauti kwa sababu haikuwahi kunisemesha. Mama mkwe alikuwa ameshuka, amesimama hatua mbili nyuma yangu, kanga imefungwa kifuani.

“Toa mkono hapo,” akasema. “Hicho ni chungu kilichofunikwa. Ukifungua sasa kitakula uso.”

Nikautoa mkono. Mke wangu alikuwa amebaki na mguu mmoja ndani ya gari, hajui ashuke au apige magoti. Lori moja likatupita na kutufunika vumbi sote kwa usawa.

Ilibidi kusubiri ipoe. Katika kusubiri, nikaona heri niseme la kweli mara moja, nikamweleza mke wangu habari ya waya.

“Kwa hiyo mshale haukupona,” akasema. “Uliulaza wewe.”

Nikakubali.

“Na mimi nikakusifia kwa dada zangu.”

Nikakubali na hilo. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya gari, na nikajua nitakuwa hadithi ya kila sikukuu mpaka nizeeke.

Mama hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya rejeta na macho yake mapya, akichunguza. Mwanamke huyu amepika kwenye misiba na arusi za Buseresere tangu mke wangu hajazaliwa. Akaonyesha kwa kidole, bila kugusa, michirizi myeupe iliyokauka kuuzunguka mdomo wa rejeta, kama chumvi ya sufuria iliyofurika. Maji hayavuji chini, akasema, yanatokea hapa juu yakishachemka, yanageuka mvuke njiani, ndiyo maana hakuna mtu aliyeona tone. Aliyasema haya akiitazama rejeta, lakini aliyasema kwangu.

Ilipopoa kabisa nikaufungua mfuniko. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka na kipande kizima hakipo. Mafundi watatu walikuwa wameufungua ule mfuniko na kuushika mkononi. Mimi nilikuwa nimeufungua kila asubuhi kutafuta mapovu. Tulichungulia ndani ya chungu, hakuna aliyegeuza kifuniko. Ndipo ile fizikia yangu ya D ikanirudia: maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Yangu yalikuwa hayajabanwa na kitu.

Nikajaza maji ya madumu, taratibu, injini ikiunguruma. Nikachomeka waya wa mshale, maana sasa nilitaka kuogopa kihalali. Tukatambaa mpaka kwenye kijisenta cha wachimbaji, ambako duka la vipuri vya pikipiki na mashine za kusagia mawe lilikuwa na mifuniko ya rejeta imetundikwa kwenye waya kama samaki. Nilipeleka ule mbovu, wakanilinganishia, nikabana na kufungua mara tatu kabla sijaamini.

Kutoka pale mshale ulipanda mpaka katikati, ukatulia. Nilikuwa nimesahau ulivyo mzuri. Mke wangu alitangaza kila kilomita kumi kwamba uko palepale, na safari hii nilimwacha atangaze.

Buseresere tulifika saa nane na dakika zake. Gari la wageni, jeupe na limeoshwa, lilikuwa limesimama nje ya uzio, milango imefunguliwa, wazee wa upande wa kijana wamekaa ndani wakijipepea. Walikuwa hawajageuza. Mama akashuka upande wa pili, akapita nyuma ya nyumba, na kabla sijafungua boneti injini ipoe nilimwona ametokea mlango wa mbele amevaa kanga nyingine, isiyo na vumbi, kana kwamba ameshinda humo tangu asubuhi. Binti alikuwa nyuma yake, ameushika mkono wa mama kwa mikono yote miwili.

Wageni wakaingia. Nilibaki uani kando ya gari, mkwe hana kazi sebuleni siku kama ile, lakini dirisha lilikuwa wazi. Mzee mmoja wa upande wa kijana akampa mama pole ya safari, akasema wamesikia basi huwa linamsumbua.

“Sikuja na basi,” mama akajibu. “Nimeletwa na mwanangu.”

Nikainama nikaukagua mkanda wa feni, ambao haukuwa na tatizo lolote.