Kumrudisha Bibi Heru Juu

Nilimwagia maji moto wa bibi yangu. Jagi zima, mchana kweupe, mbele ya jamaa zangu wawili waliokuja kuazima chaja. Nalisema mapema, msije mkadhani nilisafiri kwa kupenda milima.

Bibi ni mama yake mama. Babu alipofariki Bibi alibaki peke yake Heru Juu, huko kwenye milima ya Kasulu, na masika yaliyopita kifua kikaanza kumbana. Mama akapanda akamteremsha. Mama naye ni mzaliwa wa huko huko, aliolewa na baba akaja kuishi ziwani, kwa hiyo aliona ni jambo jepesi: mjini kuna daktari, kuna binti, kuna mjukuu mwenye miguu ya kutumwa dukani. Bibi akapewa chumba cha uani kwetu Rusimbi, Kigoma mjini.

Sasa Rusimbi mwezi wa tisa, chini ya bati, hata mjusi anatafuta feni. Bibi yeye amevaa sweta na anawasha kuni ndani ya karai bovu. Mimi nimetoka kufunga shule na jiografia imejaa kichwani: kanda kubwa za dunia, jangwa, tundra, msitu wa mvua, savana, na jinsi kila kiumbe kilivyojirekebisha kuishi pale kilipo. Ngamia ana nundu. Dungusi kageuza majani kuwa miiba ili asipoteze maji. Dubu wa barafuni amejazwa mafuta. Nikawaambia jamaa, "Huyu hapa dubu wa barafuni. Kaletwa Kigoma na bado anaomba blanketi." Wakacheka. Mtu kama mimi akichekewa akili inamtoka. Nikachukua jagi.

Mimi na Bibi tuna utani wa bibi na mjukuu. Ananiita mume wangu, mimi namwita mke mvivu, kwa hiyo nilisubiri anirushie kandambili. Hakurusha kitu. Alitazama majivu yaliyolowa, halafu akasema taratibu, "Feruzi, kwetu moto wa mtu humwagiwa maji akishazikwa."

Feruzi. Hakusema mume wangu.

Kesho yake asubuhi tulimkuta ameketi mlangoni, nguo zake amezifunga kwenye kitenge. Mama alimpigia magoti. Bibi akajibu kwamba aliyezikwa hapokei magoti. Mama akanigeukia, na sura ile sitaki kuiona tena. "Utampeleka wewe. Ukamwombe radhi kwake, mbele ya moto wake. Halafu umrudishe. Kifua kile hakitavuka mvua akiwa peke yake. Usije hapa bila mama yangu."

Kibirizi, alfajiri. Mama anauza dagaa hapo mwaloni, na Baba Zuhura, jirani yetu mwenye Fuso, alikuwa anapakia magunia ya dagaa kwenda Kasulu. Bibi akawekwa mbele, mimi juu ya magunia. Mpagazi mmoja akaniuliza, "Dogo, na wewe unauzwa kwa kilo?" Nikamwambia mimi nauzwa kwa debe, maana ndani nina hewa nyingi. Alicheka sana. Bibi alikuwa anatazama ziwa. Miezi yote aliyokaa kwetu hakuwahi kuligusa lile maji, alisema ni makubwa mno, mtu hajui aanzie wapi kunawa.

Tulivuka bonde la Luiche, mashamba ya mpunga yakiwa makavu na michikichi imesimama kando kando. Mchikichi ni wa kwetu kabisa: unataka joto, unataka unyevu, ukiupeleka kwenye baridi unakaa tu, hauzai. Nililijua hilo darasani na nikapata alama zote. Juu ya magunia lilinikera, sijui kwa nini.

Kidahwe gurudumu likaisha upepo. Baba Zuhura akaingia chini ya gari, mimi nikamshusha Bibi tukakaa pembeni kwenye miyombo. Hakuna mvua hata tone, nyasi zimeungua, lakini miti imetoa majani mapya mekundu kama imevaa kwenda harusini. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikamweleza Bibi kwamba mizizi ya miti hii huchimba chini sana, kwamba mti huangusha majani kiangazi ili usife kiu, halafu huchipua kabla ya mvua ili mvua ikija uwe tayari mezani na sahani. Na gome lake nene ni koti la kuzuia moto wa nyika.

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu."

"Na mti huo ukihamishwa ziwani?"

"Mti hauna binti wa kuuhamisha, Bibi."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jagi. Kisha akakohoa, kikohozi kirefu, ameshika goti langu, mpaka Baba Zuhura akatoka chini ya gari na spana mkononi akasimama kututazama.

Baada ya hapo ni kupanda. Kila mlima tuliokwea hewa ilipungua joto, na mimi nimevaa fulana ya timu, mikono nje. Nilijichimbia katikati ya magunia nikajifunika turubai. Huko mbele nasikia sauti ya Bibi. Rusimbi alikuwa mtu wa maneno mawili kwa siku, sasa anaongea Kiha mfululizo, anamwonyesha dereva shamba la fulani, kisima cha fulani, Baba Zuhura wa watu anaitikia tu. Tulipofika Kasulu meno yangu yalikuwa yanagongana. Ngamia kapelekwa tundra, na hakuna aliyecheka.

Heru Juu tulifika kwa pikipiki, jua likiwa bado lipo. Nilitarajia niandike kwamba nyumba ilitupokea. Mbuzi walikuwa wamelala sebuleni. Mvua zilikuwa zimekula pembe ya ukuta, migomba ya babu imeanguka bila mtu wa kuikata. Jirani yake, Mama Yusta, akaja mbio na mikono yenye udongo, akasalimu kwa Kiha.

"Mwakeye! Tulisikia umekufa huko ziwani."

"Kidogo tu," Bibi akajibu. "Nipe moto."

Mama Yusta akaleta kaa la moto kwenye kigae. Bibi alilipuliza mwenyewe, akapumzika, akapuliza tena, mpaka kuni zikashika. Mimi nikapiga magoti palepale. Njiani nilikuwa nimetunga radhi ndefu, ina methali na kila kitu. Zote zikapotea. Nikasema, "Bibi, nilikosea."

"Nimesikia, mume wangu. Sogea, unazuia hewa."

Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe ile ya magoti ilikuwa nyepesi.

Siku zilizofuata nilijaribu kila hila ninayoijua. Nilimwambia daktari wa mjini analia kwa kumkosa. Nilimwambia nitakuwa wa kwanza darasani akirudi. "Basi hatuna haja ya kurudi, hilo haliwezekani," akasema. Nilikata migomba iliyoanguka, nikaziba ukuta kwa udongo, nikafukuza mbuzi ambao walinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni. Asubuhi moja nilimfuata kisimani. Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote, na Bibi alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache, mkono kifuani, akijifanya anaangalia maharage ya watu. Hakujua kwamba namwona. Mama alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba Mama alikuwa sahihi.

Nikampokea ndoo. Nikaacha utani. "Bibi, ukibaki hapa utakufa."

"Ndiyo."

"Kule kuna daktari."

"Daktari yupo. Mimi ndiyo nilikuwa sipo." Akakaa kwenye jiwe. "Mama yako ana moyo mzuri, mwambie hivyo. Mwambie Mama Yusta atalala na mimi. Na wewe uje likizo, lakini uje na koti, unatia aibu."

Safari ya kurudi sina mengi ya kusema. Nilikaa mbele, kwenye kiti cha Bibi, nimepakata maharage na mkungu wa ndizi ambavyo Bibi alimfungia Mama. Joto lilitupokea kuanzia Kidahwe, na kwa mara ya kwanza maishani nililiona joto, jinsi linavyokaa juu ya mtu. Kwenye kazi ya likizo tuliambiwa tuandike kiumbe kikitolewa kwenye kanda yake kinafanyaje. Kitabu kinasema kinazoea, au kinahama, au kinakufa. Nilijifunza kwamba kuna ambao hawafanyi lolote kati ya hayo kwa muda mrefu sana, na ukiwatazama haraka utadhani wamezoea.

Kibirizi nilimkuta Mama ameinama anageuza dagaa mchangani, jua la saa nane likimchoma mgongo. Aliponiona alitazama nyuma yangu. Akatazama tena mlango wa pili wa Fuso, ule ambao Baba Zuhura alikuwa ameshaufunga. Nikamweleza yote, kikohozi cha kisimani, jiwe, Mama Yusta, na kwamba nimevunja neno lake, nimekuja peke yangu. Nilisubiri kofi. Mama aliendelea kugeuza dagaa mpaka mwisho wa mstari, akajifuta jasho shingoni kwa ncha ya kanga, akasema:

"Unadhani mimi nililizoea hili joto, Feruzi? Mimi nilinyamaza tu."